Kuku mzima wa kuoka kwa mkaa na rojo yake: shajara ya jiko la uani, Tabora

Jumapili 1 Juni: lengo na vifaa

Ninachotaka ni kuku mzima, hajakatwa vipande, ngozi ya kahawia inayokatika ukiuma, nyama bado ina majimaji yake, halafu rojo nzito inayotokana na kile kilichobaki chini ya chombo alichookewa. Siyo kuku choma wa kijiweni, siyo wa kukaanga na wala siyo rosti ya nyanya. Hapa Isevya sina oveni na hata jirani mwenye nayo anaihifadhia vyombo tu maana bili ya umeme inamtisha, kwa hiyo kazi yote ni mkaa. Naandika kila hatua ikiisha ili mwenye jiko la mkaa popote alipo afuate, na hela naweka wazi, kwa sababu nimechoka na mapishi yanayoanza na "washa oveni nyuzi 190" kama vile kila nyumba kuna oveni ukutani.

Njia yenyewe tunaijua wote, ni ile ya keki ya sufuria, mkaa juu mkaa chini. Sufuria kubwa la pilau lenye kuta nene nimeazima kwa mama jirani. Chini namwaga mchanga vidole viwili, juu ya mchanga linakaa bati la keki la mviringo, kuku ndani ya bati, juu mfuniko wenye mkaa.

Mfuniko ndio ulinipa shida. Wa sufuria lenyewe ni mwepesi, una kishikio katikati na mkaa unateleza. Nimenunua karai la zege, 9,000. Linakaa mdomoni mwa sufuria vizuri na tumbo lake linashuka ndani kidogo, so moto unakuwa karibu na kifua cha kuku. Chukua la chuma cheusi, usichukue bati linalong'aa lile la zinki, hilo likipata moto mkali moshi wake siyo wa kuchezea. Na hata la chuma lina rangi na mafuta ya dukani, lichome nje na mkaa mpaka liache kunuka kabla hujaliweka karibu na chakula. Bati la keki 5,000. Mkaa sado moja (lile kopo la kupimia la sokoni) 2,000.

Yote haya ni uani. Usijaribu ndani ya chumba hata kama kuna baridi, hewa ya mkaa inaua watu kimya kimya.

Jumapili 8 Juni: broila wa kwanza

Broila aliyesafishwa sokoni, kilo moja na robo hivi, 9,000. Chumvi, pilipili manga, limau nusu tumboni, mafuta ya alizeti, ndani. Saa moja na dakika kumi.

Alitoka mweupe juu kama hajaiva, chini ameungua. Bati la keki likawa na lami. Nyama iliiva, tuliila, lakini rojo ilikuwa chungu kiasi kwamba mama watoto alionja ncha ya kijiko akarudisha kijiko mezani bila kusema neno.

Sababu nimezipata mbili. Mchanga ulikuwa na unyevu, niliuchota asubuhi nyuma ya nyumba na umande wake, kwa hiyo nusu saa ya kwanza sufuria lilikuwa linatoa mvuke na kuku anachemshwa badala ya kuokwa. Ngozi ikiwa na maji haiwezi kupata rangi, maji lazima yaishe kwanza ndo ipande joto la kuifanya kahawia. Dawa ni kukaanga mchanga peke yake kwenye karai mpaka utimke vumbi ukiukoroga, ukishafanya hivyo mara moja unauweka kwenye ndoo yenye mfuniko, unatumia huo huo siku zote.

Ya pili ni mkaa. Niligawa sawa, nusu juu nusu chini, na moto wa chini unasukuma moja kwa moja kwenye chuma wakati wa juu mwingi unapotelea hewani. Sasa hivi naweka theluthi moja chini na mbili juu, na wa chini nausogeza pembeni mwa jiko kama pete, katikati pabaki wazi.

Hapa ndipo nilipoelewa mradi huu unahusu nini hasa. Kuku kuiva ni rahisi, mtu yeyote anaivisha kuku. Kinachotakiwa kulindwa ni ule ukoko wa chini ya bati. Ukiwa kahawia una rojo, ukiwa mweusi huna kitu, na hakuna sukari wala royco itakayouokoa, mimi nilitia vyote.

Jumamosi 14 Juni: asali

Hili lilikuwa linakuja tu, uko Tabora, asali ya miyombo ipo kila kona kwenye chupa za maji, utaacha kuijaribu? Nilimpaka kuku mzima asali na siagi tangu mwanzo. Dakika ya ishirini na kitu nikasikia harufu nzuri sana, dakika ya thelathini na tano harufu ikabadilika, nikafunua karai: kifua cheusi, mapaja mabichi. Asali ni sukari, na sukari inaungua mapema sana kabla nyama haijafika popote. Iliyodondoka chini nayo ikachoma ukoko wote. Rojo hamna. Hasara 9,000 ya kuku na asali yangu nzuri ya Sikonge.

Kama lazima uitumie, paka dakika kumi za mwisho na usiondoke. Mi naona bora ibaki kwenye chai.

Katikati ya huo uchungu kimoja kilienda vizuri. Nilikata vitunguu maji viwili vipande vinene nikavitandika chini ya kuku, avilalie. Vinamwinua asigusane na bati, vinatoa maji kidogo kidogo ambayo yanazuia mafuta yasiungue haraka, na vyenyewe vinageuka vitamu. Pale ambapo asali haikufika vitunguu vilikuwa na rangi nzuri kabisa. Hivyo vinabaki kwenye mpango.

Jumapili 22 Juni: chumvi ya usiku, kipimajoto, na rojo yenyewe

Kipimajoto cha nyama kimefika, kile cha digitali chenye sindano, 18,000 kutoka Dar na 3,000 ya basi. Nikakijaribu kwenye maji yanayochemka kinaonyesha 96. Nikasema nimepigwa. Nikachemsha tena, 96. Nilishaanza kuandika meseji ya hasira kwa muuzaji ndo nikakumbuka Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda juu maji yanachemka mapema kabla ya 100. Kwa hapa kwetu 96 ndiyo sahihi. Kipimajoto kizima, meseji nikafuta. (Hii itakuja kuwa na maana kwenye kuku wa kienyeji chini huko.)

Kuku safari hii nimempaka chumvi jioni ya kuamkia leo, vijiko viwili vya chai vya kupima sawasawa, nje na ndani na chini ya ngozi ya kifua, akalala kwenye friji la mama jirani bila kufunikwa. Kwanza chumvi inavuta maji yatoke, baadaye yanarudi ndani na chumvi yake, na ngozi inakauka kama karatasi. Juni usiku hapa kuna baridi kweli ila siyo baridi ya kulaza nyama mbichi nje, msijidanganye, tafuta friji hata la kuomba. Na broila aliyetoka sokoni ameshasafishwa simwoshi tena, maji yanarusha vijidudu kwenye beseni na kwenye vyombo, moto ndo unaviua. Mama jirani haafikiani na mimi kabisa kwenye hili na friji ni lake, kwa hiyo tumeacha mjadala.

Kupima joto la oveni ya sufuria bila kipimo cha oveni: natia kijiko cha unga wa ngano kwenye kipande cha bati, naweka ndani, nafunika. Ukiwa kahawia ndani ya dakika tano hivi moto uko sawa, ukiwa mweusi punguza mkaa wa juu, ukibaki mweupe ongeza.

Dakika sabini, mkaa wa juu nimeongeza mara moja katikati. Sindano kwenye paja, sehemu nene bila kugusa mfupa: 82. Kifua 75. Usalama wa kuku unaanza 74 kila mahali, paja likizidi hapo ndo linakuwa laini zaidi kwa hiyo usiogope. Mama watoto aliona wekundu kwenye mfupa wa paja akasema mbichi huyu. Hapana, broila anachinjwa mdogo, mifupa yake bado ina vitundu na rangi ya uboho inavuja. Rangi siyo kipimo, sindano ndiyo kipimo.

Ngozi ilikuwa yenyewe. Alipumzika kwenye sinia robo saa kabla ya kukatwa, yale majimaji yaliyotoka nikayamwaga kwenye rojo.

Sasa rojo. Supu niliianza mapema: shingo, miguu iliyomenywa, ncha za mabawa na firigisi, maji vikombe vinne, kitunguu, karoti, *bila chumvi*, ikatokota mpaka ikabaki kama vikombe viwili na nusu. Maini sikuweka, yanatia uchungu. Kuku alipotoka, vitunguu nikavitoa pembeni, mafuta yote nikamwaga kwenye kikombe, nikarudisha vijiko viwili tu vya chakula kwenye bati. Bati nikaliweka juu ya jiko lenye moto mdogo.

Mara ya kwanza nilifanya kama tunavyofanya uji wa haraka, supu ikachemka kwenye bati halafu nikatupia unga. Mabonge. Unga mkavu ukikutana na kitu cha moto nje yake inaiva papo hapo inakuwa ganda, ndani unabaki mkavu, na hata ukoroge mpaka jioni hautaachana. Nilichuja kwenye chujio la chai, nikapata kitu chepesi chenye ladha nzuri, nikakiweka kando.

Mara ya pili nikatumia mafuta kwanza: vijiko viwili vya mafuta ya kuku, vijiko viwili vya unga, koroga kwa mwiko kwenye moto mdogo dakika tatu nne mpaka harufu ya unga mbichi iishe na rangi iwe ya karanga zilizokaangwa. Mafuta yanazungushia kila chembe ya unga, hazishikani. Ndipo nikamimina ile supu ya kwanza iliyochujwa, kidogo, koroga mpaka ilainike, kidogo tena, huku mwiko unakwangua ukoko wote wa chini. Ikichemka ndo inakuwa nzito, kabla ya hapo utadhani umekosea, usiongeze unga. Dakika tano za kutokota, matone ya limau, basi.

Ilikuwa na chumvi kali kidogo japo sikuweka hata chembe, imetoka kwa kuku mwenyewe. Ndo maana supu lazima iwe haina chumvi, unaipunguzia nayo.

Ugali ulikwisha sufuria zima.

Jumatatu 7 Julai: Saba Saba, jogoo wa kienyeji, na kesi ya firigisi

Baba mdogo alikuja kutoka Urambo na watoto wake, sasa huwezi kumwekea baba mdogo broila siku ya sikukuu, atasema umemnunulia kuku wa wagonjwa. Jogoo wa kienyeji 25,000, mzito, ana miiba ya miguu mirefu, ile tu ingetosha kunistua. Tulichinja jana yake, tukamnyonyoa, tukambabua vinyoya kwenye moto, chumvi, friji. Kila kitu kama tarehe 22.

Saa moja na nusu. Rangi ya kupiga picha. Kipimajoto paja 84. Nikakata, kisu kikawa kinateleza. Nyama ilikuwa mpira. Watoto walikuwa wanavuta kwa meno huku wameshika mfupa kwa mikono miwili, baba mdogo akatafuna kimya muda mrefu, akameza, akasema, "Mwanangu, huyu jogoo alikuwa anaimba vizuri?"

Halafu akauliza firigisi iko wapi. Nikamwambia ipo kwenye supu, baba. "Kwenye supu wapi?" Ndani ya rojo, nimeikatakata. Kimya. Mama watoto akaangalia pembeni. Kwa wasomaji wadogo: firigisi ni ya mkubwa, inaletwa nzima kwenye sahani yake, haikatwikatwi ikapotelea kwenye unga wa ngano. Utaratibu mpya: firigisi inatokota kwenye supu ikitoa ladha yake, inatolewa ikiwa nzima, inapakwa mafuta ya kuku, inawekwa kwenye bati dakika kumi za mwisho na inafika mezani mbele ya mwenyewe. Rojo haipungukiwi chochote.

Kuhusu ugumu. Kipimajoto hakikudanganya, jogoo alikuwa ameiva na salama, lakini kuiva na kulainika ni vitu viwili. Broila anachinjwa ana wiki tano sita hajawahi kukimbizwa. Jogoo wa mwaka mmoja na zaidi ametembea mtaa mzima, misuli ina nyuzi nyuzi ngumu na hizo zinayeyuka kwa muda mrefu kwenye unyevu, siyo kwa moto mkavu wa saa moja na nusu. Ukimwongezea muda kwenye moto mkavu anakauka kabla ya kulainika.

Rojo yake lakini, mbali na kesi ya firigisi, broila haoni ndani. Baba mdogo aliiomba mara mbili kwa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa.

Jumapili 13 Julai: kienyeji kwa hatua mbili

Kuku mtetea aliyeacha kutaga, 16,000. Nilimtokosa kwanza mzima, maji yamfunike, kitunguu, tangawizi, chumvi kidogo, maji yasichemke kwa fujo, yatikisike tu. Kwa kuwa maji yetu hayafiki 100, muda wa vitabu vya watu wa pwani ongeza. Mimi nilikaa saa moja na dakika arobaini mpaka uma ukaingia kwenye paja bila kubishana. Ukipitiliza kiungo kinaachia na hutakuwa na kuku mzima tena, anza kuchoma uma mapema.

Nikamtoa, nikamchuruzisha, nikamfuta na kitambaa safi ndani na nje, nikamwacha chini ya kawa nusu saa akauke mvuke, mafuta, halafu oveni yenye mkaa karibu wote juu. Dakika thelathini. Laini, ngozi imepata rangi, siyo kavu kama ya broila lakini inatosha.

Tatizo likahamia upande mwingine: ukoko hamna. Majimaji yote yameishia kwenye maji ya kutokosea, bati likabaki jeupe, rojo ikawa na ladha nzuri ila imepauka kama uji wa mgonjwa. Nimelitatua hivi. Wakati kuku anatokota, naweka kwenye bati shingo na ncha za mabawa, pamoja na vitunguu na mafuta kijiko kimoja, bati linaingia kwenye oveni ya sufuria peke yake mpaka vitu viwe kahawia sawasawa. Kuku anakuja kulalia juu ya hivyo vitu dakika thelathini za mwisho. Ukoko unakuwepo tayari. Na ile supu ya kutokosea naipunguza kwenye moto mkali mpaka ibaki nusu kabla ya kuimimina.

Upepo wa leo ulikuwa mkali, wa vumbi, mkaa wa juu uliwaka haraka ukaisha upande mmoja na kuku akapata rangi upande huo huo. Zungusha karai robo duara kila dakika kumi na tano, au weka bati la mabati kama ukuta upande upepo unakotoka.

Jumapili 20 Julai: hesabu, na nilipofika

Nimerudia broila leo bila kubadilisha kitu, ametoka kama wa tarehe 22, na mtetea wa juzi jirani amemfanya mwenyewe kwa maelezo haya haya akafanikiwa (alimwosha, amesisitiza niandike). Kwangu hizo njia mbili zimekaa sawa.

Gharama ya mlo mmoja wa broila kwa watu wanne: kuku 9,000, mkaa sado moja 2,000 na unabaki wa chai, vitunguu, karoti, limau na unga havifiki 2,000. Jumla chini ya 13,000. Wa kienyeji weka 20,000 mpaka 29,000 kutegemea umemkuta sokoni au kijijini, na mkaa ni sado moja na nusu kwa sababu ya kutokosa. Vifaa vya kudumu, karai, bati na kipimajoto, vimekula 35,000. Kipimajoto unaweza kukiacha kama unapika kienyeji peke yake, pale uma unatosha. Kwa broila mimi sikiachi, mara mbili kimenionyesha 66 kwenye paja wakati ngozi ilikuwa inaniambia tayari.

Mafuta ya kuku yanayobaki kwenye kikombe usimwage, kesho yake kaangia viazi mviringo vilivyochemshwa nusu.

Kinachoendelea sasa ni sufuria, maana mama jirani analitaka kabla ya shughuli ya mwezi ujao na pia ameanza kulikagua chini kila nikilirudisha. Fundi wa kuchomelea ameniambia pipa la nusu lenye mlango na waya wa kati atalitengeneza kwa 60,000, mkaa chini kwenye droo na juu kwenye sinia la chuma. Nimempa 20,000 ya kuanzia. Amesema Ijumaa, hajasema ya wiki gani.